Hesabu Nyuma ya Mlango

Nimeandika juu ya bahasha ya dukani,
ile ya kahawia tunayotilia risiti za miwani:
boda mpaka barabarani, elfu moja na mia tano;
gari la kwanza, elfu;
la pili, mia sita.
Zidisha mara mbili, maana anayekwenda hurudi.
Zidisha siku ishirini na sita.
Laki na sitini na moja, na mia mbili juu.
Hizo mia mbili ndizo zinazonicheka.

Haba na haba hujaza kibaba, walituambia shuleni.
Changu kimetoboka kitakoni.

Mshamu akachungulia begani:
"Hujaandika mvua. Siku ya mvua boda anataka elfu tatu.
Na chai ya mjini, je?"
Nikaandika mvua. Nikaandika chai.
Saa hakuzitaja, nami sikuziandika.

Saa kumi alfajiri natoka, Tunu amelala upande wa ukutani.
Saa tatu usiku narudi, amelala upande wa mlangoni.
Hivyo ndivyo ninavyojua
kwamba katikati palikuwa na mchana.

Kazi yangu ni kuchonga vioo vya miwani, Mtaa wa Samora,
mashine inalia kama nyuki aliyefungiwa chupani.
Nusu milimita ikikosewa,
mteja anashuka ngazi ambayo haipo.

Jumamosi, dalali Pazi akanipeleka Ilala.
Elfu kumi ya kuonyeshwa, hairudi hata ukichukia.
"Dada, hapa kazini unakwenda kwa miguu!
Nauli yako utakula kuku."
Chumba laki na ishirini.
Miezi sita mbele, na mwezi mmoja wa dalali:
laki nane na arobaini, kabla sijaingiza hata ndoo.
Luku mnachangia wapangaji wanne
na friji ya mwenye nyumba.
Mwenye nyumba mwenyewe, Bi Rukia,
akauliza bila kuinua uso kwenye ungo:
"Mko wangapi?"

Swali dogo. Nikajikuta nahesabu vidole.
Siku za kazi niko mmoja.
Jumapili je, wakija?
"Watoto sichukui," akasema,
akatupa chuya, akaendelea na mchele wake.

Chanika nyumba ni yetu.
Haina lipu, haina dari,
dirisha la chumbani tumeziba kwa bati,
lakini hakuna anayetuuliza tuko wangapi.

Pazi akafunga mlango nione komeo jipya.
Nyuma ya mlango, kwa penseli, hesabu.
Mwandiko wa mtu aliyesimama:
maji, Luku, taka,
kodi gawanya kwa sita,
halafu mstari,
halafu nauli, na alama ya kuuliza,
na jumla imefutwa kwa kidole chenye mate.

"Nani alikuwa humu?"
"Kijana mmoja, mlinzi wa benki. Kodi ilimshinda.
Kahamia hukohuko kwenu, Chanika."

Nikasimama mbele ya ule mlango
kama mbele ya picha ya ndugu.
Labda kiwanja chake kimepakana na chetu.
Labda ndiye aliyekuja juzi kuazima reki
na Mshamu akamwambia, ipo, lakini haina mpini.

Nilifika nyumbani saa tisa, jua bado kali.
Tunu akaja mbio, kisha katikati ya uwanja akasita,
akanikunjia macho
kama wale wanaosoma herufi za mstari wa chini.

Mshamu alikuwa anachota maji ya kuku.
"Umekionaje?"
"Kina dirisha."
"Linatazama nini?"
"Ukuta wa jirani," nikasema. "Ila ni karibu."

Tunu alisikia neno la mwisho tu.
Akaingia ndani, akaniletea kigoda.